i7 Iliyozidiwa na i5: Laptopu Yangu na Kompyuta ya Mezani ya Laki Nne na Themanini

Mwaka 2022 nilipanda basi la alfajiri kutoka Morogoro kwenda Kariakoo, shilingi 650,000 nimezifunga kwenye leso, kutafuta kompyuta ya kuhariria video. Nafanya video za sherehe: sendofu, harusi, kipaimara, hata arobaini ya mtoto nikiitwa naenda. Kijana wa dukani aliniuliza swali moja tu, kwamba kazi yangu ni ipi. Nilipomjibu akashusha laptopu ya rangi ya fedha kutoka rafu ya juu, akaigeuza nione kibandiko, akasema, "Dada yangu, hii i7. Wahariri wote wanachukua hii." i7 ni jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na wengi tunaamini inaipita i5 kwa kuwa namba yake ni kubwa. Nikaona kibandiko, nikalipa. Sikuuliza kingine, na yeye hakuongeza neno. Labda naye alikuwa hajui.

Miaka miwili na nusu ilipita kabla sijagundua kwamba i5 iliyokaa ndani ya sanduku jeusi, chini ya meza ya stesheneri ya jirani yangu hapa Kihonda, ina nguvu karibu mara tatu ya hiyo i7 yangu ninayoifutia vumbi kama mtoto mchanga.

Nilivyogundua ni hivi. Januari 2025 nilikuwa na sendofu ya kukabidhi Ijumaa jioni. Mama mzaa chema alikuwa na wageni kutoka Iringa wanaoondoka Jumamosi asubuhi, na alitaka waione kabla hawajapanda gari. Video ya dakika 24. Nikaanza kurenda, yaani kuigeuza kazi niliyohariri iwe video moja iliyokamilika, saa nane mchana, nikijua itakula zaidi ya saa moja kama kawaida yake. Feni ikapiga kelele kama kindege kinachotaka kuruka, meza ikapata joto, na ilipofika asilimia 80 na kitu laptopu ikazima yenyewe. Nikaiwasha, nikaanza upya. Ikazima tena. Simu nayo inaita, mama mzaa chema, siipokei. Ndipo jirani wa stesheneri akaniambia, "Njoo ujaribu kwenye hii ya kwangu ya fotokopi." Nilitaka kucheka. Mashine ya kuchapia barua za maombi ya kazi ndiyo imalize sendofu? Nikapakia programu, nikachomeka diski, nikabonyeza. Sikupata hata muda wa kumaliza soda.

Wiki iliyofuata nikarudi Dar, safari hii kwa treni ya SGR, nikanunua yangu kama ile ya jirani, nikarudi nayo imefungwa ndani ya khanga mbili. Nimeitumia zaidi ya mwaka sasa, laptopu ya zamani bado ninayo, na mpwa wangu anayesoma SUA ananiletea laptopu yake mpya kila likizo. Kwa hiyo nimepata mashine tatu mezani na kazi ileile ya kuzipima.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Huku kwetu sanduku zima la kompyuta ya mezani tunaliita CPU. Utaona tangazo, "Nauza CPU na monita". Kumbe CPU yenyewe ni prosesa, kipande bapa kisichozidi sentimita 4 kila upande, kimejificha chini ya feni. Hicho ndicho ninachokizungumzia. Sanduku ni nyumba yake tu, ingawa nyumba nayo ina maneno yake, tutafika.

Ya laptopu yangu ni Intel Core i7-7500U, ya mwaka 2016. Ina viini viwili, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi. Viwili! Kila kiini kinaendesha nyuzi mbili, yaani kazi mbili kwa pamoja, kwa hiyo ukifungua Windows inakuonyesha kama vinne, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Mwendo wake unaanzia GHz 2.7 na unaweza kupanda hadi 3.5. Ya mezani ni Core i5-8500, ya mwaka 2018, viini sita kamili, mwendo wa GHz 3.0 ukipanda hadi 4.1. Ya kwanza imetengenezwa kula wati 15, ya pili wati 65. Kama una haraka, shika hizo wati, achana na "i" ngapi.

Nilichukua sendofu ileile ya dakika 24, picha za HD, rangi nimezisahihisha kila kipande, maandishi ya majina na muziki juu. Nikarenda kwa prosesa tupu, kwa mtindo wa kubana video unaoitwa H.264, mashine zote zikiwa kwenye umeme. Laptopu (nimeshaisafisha feni na kuibadilisha ile dawa ya kupitisha joto, kwa hiyo haizimi tena): saa 1 na dakika 12. Ya mezani: dakika 26. Nikarudia kesho yake usiku, kukiwa na ubaridi wa mvua. Laptopu ikapunguza dakika 5, ya mezani haikubadilika hata dakika moja. Hilo la ubaridi lilinifundisha kuliko namba zenyewe.

Maana ukiiangalia laptopu ikianza kurenda, dakika ya kwanza inakwenda vizuri sana, unaweza kuipongeza. Prosesa inapanda hadi mwendo wake wa juu, inakula wati nyingi kuliko zile 15. Halafu joto linapanda, nayo inajishusha yenyewe, isije ikaungua. Inashuka, inapoa kidogo, inapanda, inashuka tena. Anayekimbia kuwahi daladala na anayepanda Uluguru na mzigo kichwani wote wana miguu, lakini mapafu si yaleyale. Prosesa ya laptopu imeumbwa kwa mbio za daladala: unafungua faili, unafungua ukurasa, inaruka, inapumzika. Ya mezani ina pande la alumini lenye mapezi na feni nene, inapumua. Unaweza kuipandisha mlima kutwa.

Sasa nisiwe mchoyo. Kwa kazi ndogondogo hutaona tofauti yoyote ya maana. Kuandika mkataba wa mteja, kufungua intaneti, kupokea malipo, kuchapa risiti, zote mbili zinakwenda sawa, kwa sababu zote zina SSD (diski ya kasi) na ukikipima kiini kimoja kwa kiini kimoja ni ndugu wa tumbo moja; muundo wa ndani wa viini ni uleule, kinachotofautiana ni mwendo, 3.5 na 4.1. Hiyo ni kama asilimia 17 tu. Mtu wa hesabu za duka au mwalimu anayetunga mitihani ya Word hana sababu ya kunisoma hadi mwisho, anunue anayoipenda.

Na kuna jambo jingine la kuitetea laptopu. Intel wameweka ndani ya prosesa zao sehemu maalumu ya video, wanaiita Quick Sync. Ukiiwasha kwenye programu yako, kazi ya kubana video inahamishiwa huko badala ya viini. Sehemu hiyo kwenye prosesa hizi mbili ni karibu ileile. Nilipoiwasha, laptopu ilimaliza kwa dakika 31 na ya mezani kwa dakika 15. Pengo limepungua. Ila video yenye rangi nyingi na vikorombwezo vya kuingiza maua na moyo unaodunda (wateja wanavipenda, nifanyeje), kazi hiyo inarudi kwenye viini vyenyewe, na viini viwili ni viwili.

Mpwa wangu naye ana laptopu yenye prosesa ya AMD, washindani wa Intel, iitwayo Ryzen 5 5500U, aliinunua mpya kwa 1,350,000. Nilidhani nitamchokoza. Prosesa hiyo ni ya mwaka 2021, viini sita, nyuzi 12, na imepangiwa wati 15 kama ile yangu ya zamani. Sendofu ileile: dakika 24. Ikaipita kompyuta yangu ya mezani kwa dakika 2, ikiwa juu ya mapaja ya kijana anayekula mihogo. Nilimwambia achomoe umeme ajaribu kwa betri, ikaenda dakika 33 na betri ikabaki nusu. Hata hivyo bado ni chini ya nusu ya muda wa i7 yangu.

Kwa hiyo mtu akikuambia "ya mezani siku zote inaishinda laptopu", mwambie aweke mwaka. Laptopu mpya nzuri inaikamata ya mezani iliyoitangulia miaka mitatu. Lakini pia weka bei. Kwa hiyo 1,350,000 ya mpwa wangu napata za mezani mbili kama yangu na chenji ya chai, ukihesabu masanduku na monita. Nguvu ileile kwa wati 15 badala ya 65 ni ufundi mkubwa, na ufundi huo unaulipia.

Bei yenyewe niiweke wazi, maana wauzaji hutaja sanduku tu halafu unafika nyumbani unagundua huna pa kutazamia. Sanduku lenye i5-8500, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 8 na SSD ya GB 256, yote yametumika: 480,000. RAM nyingine ya GB 8: 45,000. Monita ya inchi 22, ina mkwaruzo pembeni: 110,000. Kibodi na mausi: 20,000. UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika: 150,000. Jumla 805,000. Si 480,000. Laptopu yangu ya i7 ilikuwa 650,000 na kila kitu ndani yake, kioo, kibodi, betri. Tofauti ni 155,000. Kwangu mimi, anayeuza muda, tofauti hiyo ilirudi ndani ya sherehe mbili. Kwa mwanafunzi wa bweni isingerudi kamwe.

Hiyo RAM ya pili msiipuuze. Sikuiongeza kwa ajili ya ukubwa tu. RAM mbili zinazofanana zikikaa kwenye nafasi zake sahihi prosesa inazisoma kwa pamoja, njia mbili badala ya moja, na kwa kompyuta isiyo na kadi ya picha, ambayo sehemu ya picha inakopa RAM hiyohiyo, unaona programu ya kuhariri inavyolainika. Laptopu nyingi za dukani zinakuja na RAM moja tu, na kwa baadhi yake imechomelewa kwenye bodi. Uliza kabla ya kulipa.

Umeme. Watu wa nyumbani walinitisha kwamba sanduku hili litamaliza LUKU. Fundi mmoja aliniazima kile kipimo cha kuchomeka ukutani. Ya mezani pamoja na monita, ukichanganya muda wa kurenda na muda wa kukaa tu, ilinipa wastani wa wati 70. Laptopu wastani wa wati 30. Nafanya kazi saa 6 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Ya mezani inakula kama uniti 11, laptopu chini ya 5. Uniti moja kwa bei ya kawaida ni kama shilingi 356 pamoja na kodi, kwa hiyo tofauti ni shilingi 2,200 na ushee kwa mwezi. Ni sahani ya chipsi. Zile wati 65 zilizoandikwa kwenye prosesa si kwamba inazila muda wote. Ikiwa imekaa tu inakula kidogo sana.

Umeme ukikatika, hapo ndipo ninapoikumbuka laptopu kwa upendo. UPS yangu inanipa kama dakika 10 za kurenda, na kurenda kunachukua 26. Nimewahi kuzimikiwa na kompyuta dakika ya 19, UPS ikiwa imeisha. Haiendelei pale ilipoishia, inaanza moja. Siku hizi video ndefu nazikata vipande vya dakika 6, narenda kimoja kimoja, mwisho naviunganisha. Ni usumbufu, lakini ndiyo hali. Mtu anayeishi mahali ambapo umeme unakatika kila siku na hana sola asinisikilize kabisa, achukue laptopu ya viini vinne au sita.

Sasa hizi herufi, maana hapa ndipo nilipoibiwa macho. Ukishaona i5 au i7, pita, nenda mwisho wa namba. U ni ya laptopu nyembamba, wati 15, inaokoa betri. H au HQ ni ya laptopu nene zenye nguvu, wati 45. I7-8750H kwa mfano ina viini sita na nyuzi 12, hiyo ni laptopu ya kweli ya kuhariria, ila chaja yake ni tofali na betri haikai. Bila herufi, kama i5-8500 yangu, ni ya mezani. K ni ya mezani inayoweza kusukumwa kupita mwendo wake. F haina sehemu ya picha, ukinunua sanduku lenye F bila kadi ya picha utawasha na kuangalia monita nyeusi. Na T, hii sikuijua hadi nilipoiona kwa macho: ni ya mezani iliyopunguzwa hadi wati 35, inawekwa kwenye vile visanduku vidogo vyenye ukubwa wa kitabu kinene. i5-8500T ina viini sita vilevile, mwendo GHz 2.1 hadi 3.5. Ningekuwa na chumba kidogo zaidi ningechukua hiyo. Inabebeka kwenye mkoba, na ofisi nyingi za nje zikibadilisha vifaa ndivyo vinavyokuja kwa wingi.

Ili ujue ninavyoumia: i3-8100 ya mezani, i3 ninayokuambia, ina viini vinne vya GHz 3.6. Inaiacha mbali i7-7500U kwenye kurenda. Ilitoka 2017, mwaka mmoja tu baada yake. Na hata ndani ya kizazi cha nane (ile 8 inayoanza baada ya kistari), i7-8550U ya laptopu ina viini vinne wakati i7-8700 ya mezani ina sita na nyuzi 12. Jina moja la ukoo, mapato tofauti.

AMD nao wana yao. Ryzen 5 7520U, ukiisikia unadhani ni mpya kuipita 5500U ya mpwa wangu kwa vizazi viwili. Ile 7 ya mwanzo ni mwaka wa toleo, 2023. Kinachoonyesha muundo wa ndani ni namba ya tatu: 2 maana yake Zen 2, muundo wa 2019, na viini vyake ni vinne tu. Ya 7530U ni Zen 3, viini sita. Namba zinapishana kwa tarakimu moja, viini vinapishana kwa viwili. Hii nimemwandikia mpwa kwenye karatasi ili awaambie wenzake.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla ya kutoa hela ni Windows. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo i5-8500 yangu imo, i7-7500U yangu imebaki nje. Namba moja tu, 7 na 8. Ndiyo maana madukani sasa utaona laptopu za i7 za kizazi cha sita na saba zimeshushwa bei ghafla. Zipo zilizolazimishiwa Windows 11 kwa njia za panya na zinafanya kazi, lakini mwenye duka hakuambii.

Na hilo la nyumba ya prosesa nililoahidi: ya mezani inachomoka. Soketi yangu, pale prosesa inapochomekwa, inapokea i7-8700, na nikiipata kwa bei nzuri fundi ataibadilisha kwa dakika 20, sanduku lilelile, RAM ileile. Ya laptopu imechomelewa kwenye bodi. Ulivyoinunua ndivyo itakavyozikwa.

Laptopu haijakaa bure. Naenda nayo ukumbini, nahamisha memori kadi wakati MC anaita kamati, nawaonyesha maharusi picha chache kabla ya keki. Kwa kazi hiyo viini viwili vinatosha na kubaki. Lakini mwezi uliopita niliamua kuiuza nitafute yenye Ryzen, nikaweka tangazo kwenye status ya WhatsApp: "Laptopu i7-7500U, viini viwili, haipokei Windows 11, nzuri kwa Word na intaneti, 280,000." Siku tatu kimya. Siku ya nne akaandika mkaka mmoja, "Dada, i7 gani hiyo ya bei ndogo hivyo, ina ugonjwa gani?" Nikamwandikia yote haya kwa ufupi, viini, wati, herufi. Akasoma, tiki mbili za bluu, akajibu kwamba basi ngoja aongeze hela kidogo, amepata mtu Kariakoo ana i7 kali ya laki sita na nusu.